Jina la Bibi Cyril

Ijumaa, 9 Agosti 1985

Mimi ni mtu mwenye bahati. Naandika bila haya. Hapa mjini Marlsea hakuna mwanamume wa kunifikia. Juu ya meko yangu limesimama kombe la fedha, na juu ya kombe hilo jina langu limechongwa mara tatu, miaka mitatu mfululizo. Cyril Bunting. Cyril Bunting. Cyril Bunting. Kombe la Achari ya Vitunguu, Maonyesho ya Maua na Mboga. Na huyu ni mtu aliyezaliwa mashariki ya London, akaacha shule mapema, akavuka bahari hadi Calais, bandari ya ng'ambo, mara mbili akarudi mzima! Leo ana duka la mazulia, ana mke, ana kombe. Bahati nyingine inamkera hata mwenyewe.

Haya, kweli, mbele ya kila Cyril Bunting pamechongwa "Bibi". Bibi Cyril Bunting. Hilo ni dogo. Kwetu mwanamke akiolewa hachukui jina la ukoo peke yake, anachukua jina lote la mume, la kwanza hadi la mwisho. Ndiyo adabu ya nchi. Achari anatengeneza Noreen, mke wangu. Jina natoa mimi. Ushirika.

Leo asubuhi Noreen alikuwa akiling'arisha kombe ili lirudi kwa kamati, maana maonyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Akasimama na kitambaa mkononi. Akasoma. Akasoma tena. Akaniuliza kama najua vitunguu vinakaa kwenye siki kwa muda gani. Nikamwambia hayo mambo ya jikoni mimi siyaingilii. Akasema jana muuza samaki alimtuma anipe hongera kwa achari yangu tamu. Nikafurahi! Nikamuuliza alisema tamu kiasi gani.

Akaweka kitambaa chini. Akasema: Cyril, nataka jina.

Nikasema nitalishughulikia, nikaenda dukani. Niliporudi jioni, nyumba kimya. Noreen kahamia kwenye karavani yetu, ile nyumba ya magurudumu kule bustani ya nyuma, yeye na birika na redio na mitungi yote ya achari. Kupitia dirishani akanipa habari. Jumamosi ijayo asipopata jina lake, Jumapili anakwenda kwa dada yake Beryl, Clacton. Nikauliza kwa wikendi? Akasema kwa maisha.

Nimekula maharagwe ya kopo bila kuyapasha moto. Kwa hiari yangu.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimegundua! Ni Thelma.

Thelma ni mke wa Desmond Applegarth, muuza vitanda wa ng'ambo ya barabara. Mtu mwenye maneno laini na magodoro magumu. Mwezi wa Mei wamemfanya meya. Mimi sikumpigia kura, na yeye anajua. Sasa kila akipita dirishani kwangu anapita polepole. Na Thelma, aliyeketi dawati moja na Noreen wangu shuleni, amelala usiku mmoja Thelma akaamka Bi Meya. Ana mkufu wa dhahabu wa cheo hadi tumboni. Watu wanamsimamia akiingia.

Basi ndiyo hiyo "nataka jina". Wivu! Wanawake nawajua, nimesafiri.

Mpango wa kwanza: kutumia majina tuliyonayo. Kiingereza ni lugha tajiri, jamani. Kwa mke tu kina maneno ya kujaza lori. Gus Treadgold, mwenye baa, humwita mkewe Yule wa Ndani, ingawa yule mama anasimama naye hapohapo kaunta akimimina bia tangu walipooana. Muuza samaki anasema Pingu na Mnyororo. Kuna Nusu Yangu Bora, hilo ni la mwanamume aliyefanya kosa na ameshika maua. Kuna Bibi Kizee, ambalo mke hupewa hata akiwa na miaka ishirini na mitatu. Na kule nilikozaliwa mke ni Taabu-na-Ugomvi, kwa sababu kwa lugha yetu maneno hayo yana kina kimoja na neno "mke". Ni mapenzi. Mtu wa nje hawezi kuelewa.

Nikasimama nje ya karavani nikayasema yote, kwa sauti nzuri, moja baada ya jingine, kama mtu anayepiga mnada. Nikamalizia na Dachesi Wangu, kana kwamba mimi ni mtawala. Dirisha likafunguka. Noreen akaniuliza kama nakumbuka kasisi alimwitaje pale madhabahuni. Nikasema nakumbuka vizuri sana, si nilikuwepo? Akasema haya, litamke.

Nikasema: "Mwanamke huyu."

Nimemwagiwa majani ya chai. Ya moto kidogo.

Hata hivyo sijashindwa. Tumejua kwamba majina ya mtaani hayataki. Anataka la serikali.

Jumatatu, 12 Agosti

Ledi!

Jana sikuandika, nilikuwa nafikiri. Leo jibu limekuja lenyewe pale baa. Gus kasoma gazetini kwamba kuna watu Scotland wanauza ardhi vipande vidogo, kipande cha ukubwa wa sinia la chai, na ukishakuwa nacho unaruhusiwa kujiita bwana mkubwa na mkeo Ledi. Nikamuuliza ikiwa mtu ana bustani nzima Essex, si anastahili zaidi? Gus akasema sheria haiko hivyo. Nikasema sheria ya nani? Akarudi kwenye gazeti lake. Nimemweza.

Ledi Bunting. Tazama hilo jina linavyokaa! Bi Meya ni wa mwaka mmoja, Mei ijayo anavua mkufu na kurudi kuwa mke wa muuza vitanda. Ledi ni wa kudumu.

Nikaenda kwa Pocock, fundi viatu, ambaye pia huchonga vibao. Nikaagiza kibao cha shaba cha mlangoni. Herufi kubwa. Pocock akasema vibao vya mstatili vimekwisha, amebakiwa na umbo jingine moja tu. Nikamwambia umbo si hoja, hoja ni maandishi. Jina lote halikutosha, tukakubaliana tuandike LEDI peke yake. Afadhali hivyo. Fupi, zito.

Umbo lilikuwa la mfupa. Lina kiuno katikati na vichwa viwili kila upande. Mimi naliona la kifahari.

Noreen alipokwenda sokoni nimekipigilia kibao mlangoni pa karavani. Misumari minne. Kazi safi.

Jumanne, 13 Agosti

Siku ya ajabu. Mleta barua ametupa barua zetu juu ya ua, akakimbia. Nikamfuata na kumuuliza ana nini. Akasema yeye ameumwa mara mbili mwaka huu na hana nia ya kuumwa tena, na kwa nini sijaweka ilani kwamba nina mbwa mkubwa. Nikamwambia sina mbwa. Akasema, mzee, usinifanye mtoto, mlango nimeuona.

Jirani wa kushoto akauliza ni wa aina gani. Jirani wa kulia akaomba nimfunge mchana, maana ana paka mgonjwa.

Kumbe! Nusu ya mbwa jike wa nchi hii wanaitwa Ledi, na kibao cha umbo la mfupa ndicho wanachovishwa shingoni. Hilo lilinipita kabisa. Lakini je, ni kosa la nani? Ni la watu wanaowapa mbwa majina ya wenye heshima.

Saa ya chai akaja Thelma mwenyewe, na mkufu shingoni, na mfupa wa ng'ombe kwenye karatasi ya bucha. Amesikia tumepata mbwa, na yeye anapenda mbwa. Nilikuwa nyuma ya kibanda cha zana, sikuwahi kumzuia. Akagonga. Noreen akafungua. Thelma akasema kwa sauti ya kubembeleza: yuko wapi huyu Ledi mzuri, eti, yuko wapi?

Noreen akausoma mlango, kwa mara ya kwanza nadhani. Akasema: "Shoga, nahisi ni mimi."

Nilitegemea vita. Badala yake nikasikia kicheko. Si kicheko cha kawaida, ni kile cha wasichana wa darasa la nne mwalimu akianguka. Thelma akaingia ndani. Wakakaa humo hadi jua likashuka, chai juu ya chai. Wanacheka, wananyamaza, mmoja anapenga kamasi, wanacheka tena. Nilisikia Thelma akisema "tangu Mei" mara nyingi, na jina langu mara moja, na baada ya jina langu kicheko kirefu.

Kwa hiyo mpango unafanya kazi. Mke wangu hajacheka hivyo miaka mingi.

Mfupa nimeuchemshia supu.

Jumatano, 14 Agosti

Balaa.

Desmond Applegarth kaingia dukani kwangu, kofia mkononi, uso wa mazishi. Akafunga mlango nyuma yake. Nikadhani kuna mtu kafa. Akanishika bega. Akasema yeye na mimi ni washindani wa biashara, lakini katika saa kama hii sisi ni wanaume. Nikauliza saa gani? Akasema hakuna haja ya kujikaza.

Halafu akaeleza. Yeye ni mwenyekiti wa maonyesho pia, cheo kimoja hakimtoshi. Leo Noreen amekwenda kuandikisha achari yake, na kwenye nafasi ya jina hakuandika Bibi Cyril Bunting. Ameandika Bibi Noreen Bunting.

Nikasema basi? Si ndilo jina lake?

Desmond akanitazama kama anayemtazama mtu anayekula supu kwa uma. Akasema, Cyril, kaka yangu, hata shule ndogo walifundisha hili. Mke wa mtu huandikwa kwa jina la mumewe. Mjane pia, kwa heshima ya marehemu. Mwanamke anayeandika Bibi halafu jina lake mwenyewe, huyo ni mtalaka. Katika adabu ya Kiingereza halina maana nyingine. Kamati nzima imeona. Pole sana. Kama nahitaji godoro la mtu mmoja, atanipa kwa bei ya urafiki.

Nikamfukuza na brashi ya mazulia.

Kisha nikakaa juu ya zulia lililokunjwa. Mtalaka! Mimi sijatoa talaka, sijapewa, na tayari nimeshauziwa godoro.

Nikaenda karavani. Nikamwambia Noreen ameniachisha mke bila yeye mwenyewe kujua. Akasema anajua. Amesoma shule ileile aliyosoma Thelma. Akasema ikiwa katika nchi hii mwanamke hapati jina lake mpaka aachike, basi nchi ina tatizo, si yeye. Na Jumapili basi la Clacton linaondoka asubuhi.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nina mpango. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Alhamisi, 15 Agosti

Mji mzima unanihurumia. Sijawahi kuudhika hivi.

Muuza samaki amenifungia samaki mdogo bila kuniuliza, akasema, wa mtu mmoja, mzee, utazoea. Bibi mmoja wa kwaya ameniletea pai ya nyama, na alipoiweka mezani akauchezea mkono wangu muda mrefu kuliko inavyohitaji pai. Gus ameninywesha bia ya bure na kushusha sauti, wateja wote wakashusha sauti, baa ikawa kama kanisa. Yule wa Ndani akanipapasa kichwa! Nikamuuliza Gus jina halisi la mkewe ni nani. Akafikiri. Akasema limemtoka kidogo, litarudi. Mkewe akaacha kunipapasa mimi, akamtazama yeye. Nikaondoka kabla bia haijaisha, na mimi siachi bia.

Sikubali! Cyril Bunting hahurumiwi na watu wanaonunua mazulia ya mtumba.

Nimechukua karatasi kubwa nikaandika kwa rangi nyekundu, BADO NINAYE, nikaibandika kwenye dirisha la duka. Wote wasome. Wateja wameingia kuliko siku yoyote mwaka huu. Wote wameuliza ninaye nani. Wawili walidhani ni aina ya zulia. Mmoja akataka kumwona kwa rangi ya kijani.

Pai ilikuwa nzuri. Nimempelekea Noreen nusu. Ameipokea.

Ijumaa, 16 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Karavani ile inavuja, najua, mimi ndiye niliyelitengeneza paa. Nimechukua lile zulia la bluu la Ubelgiji, lenye mpira chini, ambalo nimekataa kumuuzia hata daktari. Nikalipandisha juu ya paa kwa ngazi na kulifunga kwa kamba pande nne. Nililowa hadi soksi. Nikateleza mara moja, nikaning'inia kwenye bomba la maji mpaka nikakumbuka kwamba ardhi haiko mbali.

Noreen akatoka na mwavuli. Akalitazama lile zulia juu ya paa. Akajua ni lipi. Akanipa kikombe cha chai, tukasimama wote wawili chini ya mwavuli mmoja, mvua inapiga. Akasema kwa upole, upole ule ambao sijausikia tangu Ijumaa iliyopita: Cyril, kesho. Jina langu tu. Basi.

Moyo ulinijaa. Nikamwambia kesho utalipata, na litakuwa kubwa kuliko la Thelma.

Akafumba macho. Akaninyang'anya kikombe. Chai ilikuwa nusu bado.

Nimeona sanduku lake kitandani. Limeshafungwa. Sijalala mapema leo, lakini si kwa sababu hiyo. Naandika kadi.

Jumamosi, 17 Agosti

Nitaandika yote.

Nilifika uwanjani kabla ya waamuzi. Hema kubwa jeupe, harufu ya nyasi zilizokanyagwa na siki. Mitungi ya achari imepangwa, kila mmoja na kadi yake. Nikauona wa Noreen: vitunguu vidogo vya rangi ya kahawia, vinang'aa kama vitasa vya milango. Kadi: Bibi Noreen Bunting. Kadi ya talaka! Nikaitia mfukoni, nikaweka yangu. Nimetumia wino wa dhahabu. LEDI CYRIL BUNTING. Cheo ndani yake, mume ndani yake, aibu hakuna. Nikajipongeza mwenyewe kwa sauti.

Mchana hema likajaa. Noreen kasimama karibu na mlango, koti kavaa, sanduku miguuni. Desmond akapanda jukwaani na kipaza sauti. Thelma kando yake na mkufu. Mwamuzi wa achari ni mama mmoja mwembamba kutoka Colchester, hamjui mtu na hacheki na mtu. Akampa Desmond kadi ya mshindi.

Desmond akasoma kimya. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti: "Kombe la Achari... Ledi Cyril Bunting."

Mtu mmoja nyuma akabweka.

Kisha mwingine. Kisha hema zima, wanaume kwa wanawake, wuu, wuu, wuu! Mleta barua alikuwa anabweka kuliko wote. Desmond akainua mkono akasema kwa mujibu wa kanuni mashindano ni ya wakazi wa Marlsea, na kamati haina kumbukumbu ya kuruhusu mbwa. Achari imeondolewa. Kombe linakwenda kwa mshindi wa pili. Akaangalia kadi ya pili, na akajitahidi asitabasamu. Mshindi wa pili ni Bibi Desmond Applegarth.

Nikapanda juu ya kiti. Nikapiga kelele kwamba huo ni wizi! Hakuna mbwa! Ledi Cyril Bunting ni wangu, na achari ni yetu! Desmond akauliza ikiwa ni yetu, basi mimi pia nimeitengeneza? Watu wakanigeukia, wale wote walionipa hongera miaka mitatu. Ningesema nini? Nikasema bila shaka.

Yule mama wa Colchester akasogea. Akasema achari hii ina kitu ambacho hajakionja kwa mtu mwingine, kinachoipa ile rangi. Aliyeitengeneza anakijua. Akitaje, mambo yaishe.

Nikasema sukari. Akatikisa kichwa.

Nikasema mdalasini. Hapana. Nikasema pilipili manga. Hapana. Nikasema mapenzi. Mtu akacheka. Nikatazama ule mtungi, ubongo umeganda, nikasema: "Vitunguu."

Wakaanguka kwa kicheko. Muuza samaki alimshika mwenzake asidondoke. Na katikati ya kicheko hicho nikaona Noreen anainama kuchukua sanduku. Desmond tayari anamkabidhi Thelma kombe. Hapo sikuwa na mpango wowote, hata kidogo. Nikalia juu ya kile kiti kwa sauti iliyopasuka: "Noreen! Noreen, waambie wewe, mimi sijui kitu!"

Akasimama.

Akaliacha sanduku. Akaja mbele, watu wanampisha. Akamwambia yule mama wa Colchester: chai. Chai nzito isiyo na maziwa, ikishapoa kabisa, ndiyo inaingia kwenye siki. Mama yule akafumba macho, akajilamba mdomo, akasema chai, kumbe, miaka yote nimefikiri ni mbao ya pipa.

Desmond akasema hata hivyo kadi ni kadi, na mshindi wa pili amekwisha kutangazwa. Basi Thelma akachukua kipaza sauti. Akavua ule mkufu, kwa sababu, alisema, unagonga meza kila akiinama. Akasema yeye hapokei kombe la achari ya mwenzake. Akasema tangu Mei hakuna mtu mji huu aliyemwita Thelma. Mchinjaji anamwita Bi Meya, daktari anamwita Bi Meya hata yeye Thelma akiwa amevua viatu apimwe, na Desmond juzi amemwambia "Bi Meya, sogea kidogo," na hawakuwa barabarani.

Sijawahi kuona mtu akibadilika rangi haraka kama Desmond. Ilinitosha kwa mwaka mzima.

Thelma akauliza: kombe liandikwe jina gani, shoga?

Noreen Bunting, akasema. Bila Bibi. Bila Cyril. Na kama yupo anayetaka kujua kama ameachika, aje amuulize yeye usoni.

Pocock alikuwa na vifaa vyake vya kuchongea, akachonga palepale. Herufi zimekaa vizuri kuliko za yale majina yangu matatu.

Nilimbebea sanduku. Hakuniambia tunaelekea wapi na mimi sikuuliza, nilitembea tu. Alipita karavani bila kuitazama, akaingia jikoni, akaweka birika motoni.

Jumapili, 18 Agosti

Ushindi! Kila kitu kimekwenda kama nilivyopanga. Bila kibao cha mlangoni Thelma asingekuja. Asingekuja, asingejua. Bila kadi yangu ya dhahabu Noreen asingepewa nafasi ya kusema. Nimemweleza haya wakati wa kifungua kinywa. Alikuwa anakula yai. Aliendelea kula yai.

Beryl amepigiwa simu, haendi mtu Clacton.

Mchana nikaenda baa kupokea hongera. Gus ameandika ubaoni: HONGERA NOREEN. Chini yake, pia kwa chaki, bia ya leo. Mkewe Gus, anayeitwa Winifred, imejulikana sasa, alikaa upande wa wateja na Gus alikuwa anamimina peke yake. Muuza samaki akapaza sauti, jamani, mume wa Noreen huyo! Nikangoja aongeze kitu. Hakuongeza. Wote wakaniita hivyo. Mume wa Noreen, vua koti. Mume wa Noreen, mwambie Noreen tumekubali.

Ndipo nikagundua jambo la kutisha. Lugha yetu hii tajiri, yenye lori la maneno kwa mke! Mke wa meya ni Bi Meya. Mke wa mwenye cheo ni Ledi. Na mume wa bingwa wa achari ni nani? Hakuna neno. Nimewauliza wote. Hakuna! Kadi ya mwaliko wa chai ya washindi imeshafika, imeandikwa "Noreen Bunting na mume". Na mume! Kwa herufi ndogo, kama "na siagi".

Sikubali. Nina mpango. Mwaka ujao nashindana mwenyewe. Achari nitachota kwenye mtungi wake wa nyuma, ule asiouhesabu. Na kwenye kadi nitaandika Bwana Noreen Bunting. Mwamuzi akiliona hilo jina tu, atanipa kombe bila kuonja. Adabu ya nchi ni ileile, nimeigeuza tu mbele nyuma. Desmond atafute kanuni ya kunizuia!

Nimemweleza Noreen. Amecheka hadi akakaa chini, akajifuta macho na aproni, akaniambia vitunguu nimenye mwenyewe. Halafu akaenda akafunga kabati la mitungi kwa ufunguo.

Nimekwenda kutazama kombe pale mekoni. Bibi Cyril, Bibi Cyril, Bibi Cyril, Noreen. Nimelitafuta jina langu kila upande, nimeligeuza hata chini.

Ile bahati niliyoiandika Ijumaa ya kwanza si kweli. Sijashinda kitu hata kimoja tangu nizaliwe.